Mchezo Katikati ya Watu: ushauri kwa vikundi vya maigizo vya Butembo, Beni na Lubero

Kama mna kundi la waigizaji kumi Butembo, Musienene au Oicha, na hamna ukumbi, msiutafute ukumbi. Msikodi mbao za kujengea jukwaa, wala msiende parokiani kuazima pazia. Tafuteni uwanja tambarare wenye upana wa hatua ishirini, wakalisheni watazamaji pande zote, nanyi mcheze katikati yao. Sisemi hivi kwa sababu ya umaskini. Hata kundi lenye fedha za mfadhili ningelishauri vivyo hivyo, maana michezo tunayocheza huku karibu yote huishia kwenye mjadala: shamba la urithi, mjane anayefukuzwa nyumbani, kijana aliyerudi kutoka msituni, wageni waliokimbia vita na wenyeji waliowapokea. Watu wanaoonana visogo hawajadiliani vizuri. Aliyekaa safu ya tisa anaona mabega ya jirani na, mbali kule, kichwa cha mwigizaji. Aliyekaa kwenye duara anaona mchezo, na nyuma ya mchezo anaona uso wa shemeji yake, wa mwenye duka, wa chefu wa mtaa, wakicheka au wakinuna kwa neno lile lile. Mjadala umeanza kabla hamjauliza swali.

Wala si jambo la kuletewa. Wanande wana kyaghanda yao, mahali ambapo wazee walikaa kuuzunguka moto, wakasikiliza kesi na kuwafunza vijana. Ngoma yoyote ya harusi, iwe Kyondo au Mutwanga, hujitengenezea duara bila mtu kutoa amri. Katika nchi za mbali walipoamua kuirudia njia hii walikuwa na hali kama yetu: mwaka 1947 Margo Jones alianzisha kundi lake mjini Dallas, Marekani, katika jengo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya miaka mia ya jimbo la Texas, na mwaka 1955 Stephen Joseph alianza Scarborough, Uingereza, katika chumba cha maktaba ya mji. Hawakuwa na jumba la tamthilia, wakakuta hawalihitaji.

Lakini duara lina kazi yake, na kundi linaloingia bila kuijifunza kazi hiyo litawachosha watu upesi kuliko lile la jukwaani.

Anzeni na kamba. Pigeni kigingi katikati ya uwanja, fungeni kamba ya mita 4, mzunguke nayo mkimwaga majivu. Mmepata mahali pa kuchezea penye upana wa mita 8, panapowatosha waigizaji sita kwa pamoja na hata ngoma fupi. Pakiwa chini ya mita 6 mtakanyagana, pakizidi 10 ukaribu unakwisha. Acheni njia nne zinazotoka katikati kwenda nje, kila moja mita 1 na robo. Mzingo wa duara hilo ni mita 25, ukitoa njia zinabaki 20, na kwa nusu mita kila mtu safu ya kwanza inachukua watu 40. Safu ya pili, sentimita 90 nyuma yake, inachukua zaidi ya 50, na ya tatu zaidi ya 60. Hao ni watu 150 waliokaa, na aliye nyuma kabisa yuko karibu mita 2 tu kutoka kwenye majivu. Watu hao hao mkiwapanga kumi kumi mbele ya jukwaa mngepata safu kumi na tano, na mama wa safu ya mwisho angekuwa zaidi ya mita 12 kutoka kwa yule wa mbele.

Safu ya kwanza ikae chini kwenye mikeka au turubai, ya pili kwenye benchi fupi za shule, ya tatu kwenye viti vya plastiki, na nyuma yao wanaosimama. Kwetu milima ni mingi na mtu hushawishika kutumia mteremko. Mteremko wa upande mmoja ni mbaya: walio juu wanaona vichwa, walio chini wanaona magoti, na mwigizaji mwenyewe huteremka bila kujijua. Kama hamna tambarare, tafuteni kibonde kidogo kinachoinuka pande zote.

Jambo moja mjiandae nalo: duara la watu hujipunguza lenyewe. Watoto husogeza miguu, wa nyuma husukuma, na baada ya robo saa mita 8 zimekuwa 5. Kwa hiyo choreni majivu nje kidogo ya pale mnapopahitaji, na muwape kazi ya ulinzi mama wawili au watatu wa mtaa huo huo. Vijana wenye fimbo hawafai. Mama anayejulikana atamwita mtoto kwa jina na mtoto atarudi mahali pake. Mama hao hao wahakikishe njia nne hazikaliwi na mtu. Ndizo milango ya waigizaji, na ndizo watu watakazokimbilia likitokea lolote. Beni na Lubero hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini umati lazima uwe na mahali pa kutokea.

Sasa kuna viti vya wakubwa, na hapa ndipo michezo mingi ya duara inapovunjikia. Mnaijua meza ile yenye kitambaa, chupa za maji na viti vya sebuleni vilivyoazimwa. Popote mtakapoiweka, hapo patakuwa mbele. Waigizaji, kwa adabu na kwa woga, watageukia huko ndani ya dakika tano, na pande tatu za watu zitabaki na migongo. Dawa yake haipatikani siku ya mchezo. Siku ile mnayopeleka mwaliko kwa meya, kwa msimamizi wa teritwari, kwa mwami au kwa paroko, mwelezeni kabisa kwamba mchezo huu hauna mbele. Kwamba kiti chake kitakuwa kizuri, chenye mgongo, kando ya njia ili aingie na kutoka bila kusumbuka. Na kwamba kutoka hapo ataziona nyuso za watu wake wote. Wengi hukubali wakielezwa mapema kwa heshima, na wengi hukasirika wakishangazwa mbele ya watu.

Kisha wagawanyeni. Meya akae upande wa barabara, paroko au mchungaji upande wa kanisa, mkubwa wa shule upande mwingine, mama kiongozi wa chama cha akina mama upande uliobaki. Kila upande umepata mgeni wake na hakuna uliodharauliwa. Salamu za itifaki na hotuba zimalizike kabla mwigizaji wa kwanza hajaingia. Mkubwa akishikilia kuwa na meza, mpeni meza, na muiondoe hotuba zikiisha. Heshima ya mzee ilindwe kwa kila namna, ila umbo la uwanja msilibadilishe kwa ajili ya mtu yeyote. Na walinzi wenye silaha wasimame nje, nyuma ya wanaosimama.

Tuje kwa mwigizaji. Aliyezoea jukwaa anakimbilia katikati, akidhani katikati ndipo penye nguvu. Katika duara katikati ni mahali dhaifu, maana ukisimama hapo siku zote nusu ya watu inaona mgongo wako. Penye nguvu ni kwenye mdomo wa njia. Ukisimama hapo, nyuma yako hakuna aliyekaa, na karibu uwanja wote unakuona uso. Maneno mazito yasemwe hapo: hukumu ya mzee, kiapo, kukataa kwa mke. Katikati pawe pa kupita, pa kugombana, pa kucheza ngoma.

Wawili wanaozungumza wasisimame kifua kwa kifua. Waachane mita 2 au 3, mmoja upande huu mwingine upande ule, wakipishana mabega kidogo ili kila mmoja aonekane kando ya mwenzake. Hapo kila mtazamaji anapata uso mmoja: asiyemwona anayesema anamwona anayesikiliza. Kwa sababu hiyo anayesikiliza hana ruhusa ya kupumzika. Naona udhaifu huu katika vikundi vyetu vingi, hata vyenye vipaji: mwigizaji akimaliza maneno yake anazima uso na kusubiri zamu. Jukwaani kosa hilo hujificha. Kwenye duara, watu sabini hawana kingine cha kutazama ila uso huo uliozimwa. Katika mazoezi, chezeni onyesho zima huku mwongozaji akiwaangalia wale tu wasiosema. Litakuwa zoezi lenu lenye faida kuliko yote.

Kugeuka kuwe na sababu. Mwigizaji anayezunguka zunguka ili kila upande umwone anachosha macho, na watu wanajua kwamba anafanya hesabu. Mpeni kazi: anachagua maharage akigeuza kigoda chake, anampelekea mgeni maji ya kunawa, anatazama barabarani kama mume anarudi, anamfukuza kuku. Kila baada ya nusu dakika au zaidi kidogo upande umebadilika, na hakuna aliyeona kwamba ilikuwa hesabu. Katika onyesho la baraza, ambalo watu wote wamekaa, tumieni vigoda vinne visivyo na mgongo, kila kimoja kwenye mdomo wa njia, na msiweke meza. Tena mjifunze kuigiza kwa mgongo. Mjane anayesikia kwamba shamba limeuzwa hahitaji kuwageuzia uso walio nyuma yake. Mabega yakianguka, nao wamesikia.

Katika mazoezi maneno ya kushoto na kulia hayafai, kwa sababu kila mtu ana kushoto kwake. Zipeni pande majina: upande wa kanisa, upande wa soko, upande wa barabara, upande wa shule. Mkibadilisha kijiji, badilisheni majina, pande zibaki nne. Mwongozaji naye asiwe na kiti. Kila onyesho alitazame kutoka upande mwingine, na mara moja kwa wiki alitazame kutoka nyuma ya wanaosimama.

Wala msifanye mazoezi kwa siri. Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wanakijiji walipotayarisha Ngaahika Ndeenda mwaka 1977 pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, mazoezi yalikuwa wazi, na mpita njia aliweza kukosoa namna mfanyakazi anavyoshika jembe. Jukwaa lao halikuwa la duara kamili, ila tabia ile ndiyo duara linayoihitaji: mtu anayewatazama kutoka upande msiouangalia atawaambia jambo ambalo hakuna kati yenu angeliona.

Hakuna pa kujificha mtu wa kukumbusha maneno. Kwa hiyo msitegemee maandishi marefu. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo limefanya kazi kubwa kuliko mengi katika maigizo ya Kiswahili nchini mwetu, lilikuwa na desturi ya kukubaliana mpango wa maonyesho kisha waigizaji kutunga maneno yao wenyewe. Ndivyo walivyoutengeneza mwaka 1986 mchezo juu ya methali ya kwamba mamlaka huliwa yote, walioucheza mbele ya kamera za televisheni katika kijiji cha Kawama. Njia hiyo inafaa duara sana. Mtoto akilia, mbuzi akiingia, mwigizaji anayejua mpango atamjibu mbuzi na kuendelea. Aliyekariri atanyamaza.

Sauti huenda mbele ya mdomo. Aliye nyuma yako anasikia mlio wa neno bila kulisikia neno lenyewe, hasa herufi kali kama s, t na k. Basi jina la mtu, bei ya shamba, tarehe, neno lolote linaloubeba mchezo, liseme ukiwa unageuka, au mwenzako alirudie kwa mshangao akiwa ameelekea upande mwingine. Kurudia kwa mshangao ni tabia yetu hata nyumbani, nayo itawasaidia bila kuonekana. Mikrofoni ikataeni. Ikipita kutoka mkono hadi mkono inaua mazungumzo, na spika ikiwa upande mmoja watu wa upande wa pili wanasikia sauti inatoka mahali ambapo mwigizaji hayupo. Kwa watu 200 kifua kinatosha, uwanja ukiwa mbali na barabara ya malori na kinu cha kusaga.

Jua letu linasaidia, likijulikana. Hapa karibu na ikweta linazama upande wa magharibi, likisogea kidogo kaskazini au kusini kufuata miezi, na mwaka mzima ni kiasi cha saa kumi na mbili jioni. Mkicheza saa tisa au saa kumi alasiri, waliokaa mashariki wanatazama jua usoni. Wazee na wagonjwa wa macho wakalisheni magharibi, jua likiwa mgongoni mwao, na upande wa mashariki tafuteni mti au jengo. Beni kuna joto, kwa hiyo kivuli ndicho cha kwanza. Lubero baridi ya jioni huwaondoa watu hata mchezo ukiwa mtamu, basi malizeni saa kumi na moja. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Agosti hadi Novemba, muwe na shule ya jirani mliyoiomba mapema. Ndani ya darasa ondoeni madawati ya katikati na mfanye duara dogo. Mvua ikipiga mabati msishindane nayo. Simamisheni mchezo, mwimbishe watu, mwendelee ikipungua.

Usiku nauepuka, kwa usalama wa watu kurudi nyumbani. Ikiwa lazima, taa ziwe juu, mita 3 na zaidi, zikimulika chini kutoka pande nne. Taa iliyo chini inampofusha aliye mkabala. Jenereta ikae mbali, nyuma ya nyumba.

Mapambo ni machache. Ukuta na mlango havina mahali hapa, na watu hawavihitaji. Vitu viwe vya kweli, kwa sababu vinaonekana kwa mita 2: chukudu halisi, kidumu chenye maji, muhogo wenye udongo. Karatasi ya shamba iwe na maandishi.

Mtu akifa katika mchezo hakuna pazia la kumfunika. Msimwache ainuke na kukimbia. Mchukueni, kwa wimbo wa msiba, kupitia njia mojawapo, na mtakuta watu wanaimba pamoja nanyi.

Kuhusu silaha nitasema kwa ukali. Msiingize bunduki katikati ya watu, hata ya mti. Watu wa Beni wameuawa kwa mapanga na bunduki tangu Oktoba 2014, na waliofika Lubero na Butembo baada ya Kanyabayonga kutekwa mwezi Juni 2024 wamekimbia milio hiyo hiyo. Mtu aliyekaa mita moja kutoka kwa kijana mwenye kitu kama bunduki hatazami mchezo tena. Anatafuta mwanawe. Vita isikike kutoka nje ya duara kwa ngoma moja, kisha aingie mtu aliyeiona, asimulie. Ugomvi wa mikono nao hauwezi kudanganya: kofi la uongo linalofichwa upande huu linaonekana upande ule. Uchezeni polepole, kama ngoma, au mwinue mkono na kila mtu uwanjani abaki kimya.

Barua ya ruhusa ipelekeni mapema. Tangu 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa dharura, na mkusanyiko wowote bila taarifa unaweza kuwaletea matatizo watu mliowaalika. Elezeni mahali, saa ya kuanza na kumaliza, na kiini cha mchezo. Bakini na nakala yenye mhuri, na mwenye nakala hiyo asiwe mwigizaji, ili akiitwa mchezo uendelee.

Mwishoni mwa mchezo ndipo duara linapolipa. Augusto Boal wa Brazili alieneza njia ya kuusimamisha mchezo pale penye shida, kuurudia, na kumwita mtazamaji achukue nafasi ya mwigizaji aonyeshe angefanya nini. Jukwaani mtu hupanda ngazi akitazamwa na wote, na wengi hawapandi, wanawake zaidi. Kwenye duara ni hatua mbili kutoka kwenye mkeka. Huku tunaihitaji njia hiyo. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa Kivu ya Kaskazini na Ituri, na sehemu ya chuki iliyozuka Butembo na Katwa ilitokana na watu kuambiwa mambo wakati hakuna aliyewasikiliza. Mchezo unaorudia kosa hilo, unaokuja na jibu kutoka shirikani na kulitangaza, afadhali usichezwe.

Anayeongoza mjadala asisimame katikati. Azunguke kwenye mstari wa majivu, aketi kidogo karibu na anayesema. Sauti ya kwanza isiwe ya mkubwa, kwa sababu akishasema wengine watamuunga mkono. Aanze na upande wa wale walio kimya, tena amuulize mtu swali dogo: huyu mama angelala wapi leo? Swali la haki na sheria lije baadaye. Watu wa upande mmoja wakimzomea msemaji, awaombe wa upande wa pili waeleze walichoona kwenye uso wake alipokuwa akisema. Mimi naliamini swali hilo kuliko hotuba yoyote ya amani.

Watu wakitawanyika, kabla ya kuhesabu michango na kukunja mikeka, chagueni watazamaji wanne, mmoja kila upande, mtoto mmoja akiwemo, wawasimulie mchezo tangu mwanzo kama walivyouona. Msiwasahihishe. Andikeni mahali ambapo wa upande wa soko hakusikia bei, ambapo wa upande wa shule hakujua kwamba kaka mkubwa alikuwa analia. Hayo ndiyo mazoezi yenu ya kesho asubuhi.